Mwanamke Aliyeambiwa Si Yeye

Kwa wengi wetu tuliokulia mbele ya runinga, viumbe hawa wanaanza na Tinker Bell: kabinti kadogo, mabawa yanametameta, unga wa dhahabu. Hebu isahau hiyo picha. Mkulima wa Ireland wa karne ya 19 hangeielewa kabisa. Yeye alikuwa anawaogopa. Kwa Kiirishi waliitwa sídhe, watu wa vilimani, lakini kulitaja jina ovyo haikuwa busara, kwa hivyo watu waliwaita "watu wema". Huo wema ulikuwa wa kubembeleza tu, wasije wakaudhika.

Hawakuwa na mabawa. Walifanana na sisi: wanaoa, wanapigana, wanapiga muziki. Kama unazijua stori za majini wa Pwani, wenye vijiji vyao na dini zao, hutapata shida kuelewa. Makao yao yalikuwa maboma ya udongo ya mviringo, ambayo yako kwa maelfu nchini humo. Wanaakiolojia wanasema mengi ni mabaki ya makazi ya wakulima wa miaka 1,000 na zaidi iliyopita. Wanakijiji walisema ni milango, na walisita hata kupitisha jembe pale.

Shida ni kwamba watu wema walichukua watu. Walipenda watoto wachanga na wanawake vijana. Aliyebaki kitandani alifanana na mtu wako, ila hakuwa yeye. Utajuaje? Anaugua na haponi. Amebadilika tabia. Mtoto haongei, hatembei. Ili wako arudishwe, huyu wa bandia alifukuzwa kwa dawa chungu, kwa chuma, hata kwa moto. Mwaka wa 1826, karibu na Killarney, mwanamke mzee aitwaye Ann Roche alimtumbukiza mtoni mtoto wa kiume asiyeweza kutembea wala kusema, eti amtoe kiumbe aliyemwingia. Mtoto akafa. Mahakama ikamwachilia huyo mama.

Miaka 69 baadaye ikaja kesi ya Bridget Cleary, katika kijiji cha Ballyvadlea, Tipperary. Bridget alikuwa na umri wa miaka 20 na kitu. Alikuwa fundi wa nguo, ana cherehani yake, anafuga kuku na kuuza mayai. Pesa zake zilikuwa zake. Alivaa vizuri kuliko majirani, na hakuwa amezaa. Mumewe, Michael, alikuwa fundi wa mapipa.

Mapema Machi 1895, Bridget alishikwa na baridi akiwa kwenye shughuli zake za mayai, akalala na homa. Daktari alikuja baada ya siku kadhaa, akasema ni mapafu na wasiwasi. Padri naye akaja. Lakini mzee mmoja wa ukoo, Jack Dunne, aliyesifika kwa hadithi za watu wema, alishamtazama pale kitandani na kusema huyu si Bridget.

Usiku wa tarehe 14, wanaume wa familia walimshika, wakamnywesha dawa za mitishamba zilizochemshwa kwa maziwa, wakamuuliza tena na tena kama yeye ndiye Bridget. Baba yake mzazi alikuwepo. Kesho yake jioni aliamka, akavaa, akakaa na wageni karibu na moto. Ugomvi ukazuka. Michael alimwangusha chini, akammwagia mafuta ya taa, akamchoma. Kisha akaenda kukesha kwenye boma la Kylenagranagh, akisema mke wake wa kweli atatoka amepanda farasi mweupe. Tarehe 22, polisi walipata mwili kwenye kaburi la kina kifupi.

Ni rahisi kusema imani ndiyo iliyoua. Lakini karibu kila mtu wa eneo lile alikulia na hadithi hizo, na hawakuchoma wake zao. Hadithi ilifanya kazi nyingine: ilimpa Michael maneno. Mke mwenye pesa zake, asiyezaa, asiyeinamisha kichwa, sasa angeweza kuitwa kitu kingine kabisa. Na kitu hakina haki ya kulalamika. Ndiyo maana wale waliokuwa chumbani waliweza kusimama wakitazama. Kwa mujibu wa ushahidi, Bridget alijua anachotuhumiwa, na alimjibu mumewe uso kwa uso. Haikusaidia. Ukishaambiwa wewe si wewe, kila neno lako linageuka ushahidi dhidi yako.

Kisha magazeti yakaingia. Miaka miwili kabla, bunge la London lilikuwa limekataa mswada wa kuwapa Waairishi serikali yao ya ndani. Waliopinga mswada ule sasa walipata hoja tamu: watu wanaochoma wanawake kwa sababu ya mapepo watajitawala vipi? Kesi ilisikilizwa Julai 1895, mwezi uleule ambao utawala wa Uingereza ulianza rasmi juu ya nchi ambayo leo ni Kenya. Lugha ya "hawajastaarabika" tunaijua. Ilitumika kule kabla haijamaliza kutumika huku.

Lakini tusijifiche nyuma ya kosa la mkoloni. Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta shamba la urithi. Jina linatangulia, panga linafuata.

Michael alihukumiwa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia. Alitoka mwaka wa 1910, akahamia Kanada. Bridget alizikwa na polisi, maana ndugu na majirani hawakuja.