Kiapo Ndani ya Jibu: Neno "Answer" na Lugha ya Nyeri

Neno la Kiingereza "answer", linalosikika leo katika madarasa na mahakama kuanzia Nyeri hadi Meru, lilitokana na neno la Kiingereza cha kale, andswaru, lililoundwa kwa sehemu mbili zenye maana ya "dhidi" na "kuapa", kwa hiyo hapo mwanzo lilikuwa kauli ya kiapo ambayo mshtakiwa aliitoa ili kujikinga na mashtaka.

Kikuyu, lugha ya watu wa Nyeri, hugawa maana ya kujibu katika vitenzi viwili. Cha kwanza ni gũcokia, yaani kurudisha, ambacho humfaa anayejibu swali kama kinavyomfaa anayerudisha kitu alichoazima. Cha pili ni gwĩtĩka, ndugu wa kuitika kwa Kiswahili, chenye maana ya kumwitikia aliyekuita na pia ya kukubali. Katika shina hilohilo Wakristo wa Tumutumu, karibu na Karatina, walipata wĩtĩkio, yaani imani, neno lisilo na uhusiano wowote na itikadi, ambalo asili yake ni Kiarabu.

Kiapo nacho hakikuwa kigeni kwa Wakikuyu. Mbele ya baraza la wazee, kesi nzito iliyokosa ushahidi iliamuliwa kwa kũringa thenge, yaani kumpiga beberu hadi mifupa yake ivunjike, huku mwenye kuapa akijitakia hali hiyohiyo iwapo kauli yake ni ya uongo.

Mnamo Novemba 1956, katika mahakama ya kikoloni mjini Nyeri, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikanusha shtaka la kumiliki bastola na risasi mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, aliyemhukumu kifo, naye akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika kikao cha namna hiyo neno la Waingereza lilirudia maana yake ya kwanza, yaani mtu kusimama mbele ya mashtaka akiwa na kauli yake kama ngao.

Kwa hiyo mwalimu wa Karatina au Nanyuki anayeandika "answer" ubaoni na kulifasiri kwa neno "jibu" tu, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, atawatendea haki wanafunzi wake akiwafunulia pia kurudisha na kuitika, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwao ilijua tangu zamani kwamba swali ni deni, na kwamba uzito wa kauli ya mshtakiwa hupimwa kwa kiapo chake.