Mtihani wa Wasaidizi

Juni 2021 kampuni ya GitHub ilitoa kwa majaribio msaidizi wa kuandika programu aitwaye Copilot. Ukianza mstari, yeye anapendekeza unaofuata. Kwa waandaaji programu wengi suala la kuchagua halikuwapo bado: ama umtumie huyo, ama uandike mwenyewe.

Mwezi uliofuata OpenAI, waliounda mfumo wa Codex uliomwendesha Copilot, walichapisha mtihani uitwao HumanEval. Maswali 164, yote madogo. Mashine inapewa jina la kifungu cha programu na maelezo mafupi ya kazi yake, nayo inajaza kilichobaki; kisha jibu linaendeshwa kuona kama linafanya kazi. Codex ilipata asilimia 28.8, GPT-3, mfumo wa lugha wa OpenAI hao hao, ikaambulia sifuri. Kufikia Machi 2023, GPT-4 ilikuwa na asilimia 67.

Lakini nani hulipwa mshahara kwa vifungu vya namna hiyo? Oktoba 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walileta SWE-bench: matatizo 2,294 yaliyoripotiwa kweli katika miradi 12 ya lugha ya programu ya Python, Django ikiwamo. Hapa mashine inakabidhiwa lalamiko kama lilivyoandikwa pamoja na msimbo wote wa mradi, itafute yenyewe penye ubovu. Mfumo ulioongoza, Claude 2 wa Anthropic, ulitatua asilimia 1.96.

Alama za mtihani huo zikawa tangazo la biashara. Oktoba 2024 GitHub wenyewe walitangaza kwamba mtumiaji wa Copilot ataweza kuchagua mifumo ya OpenAI, Anthropic au Google.

Julai 2025 shirika la METR likatoa matokeo ya kupima watu wanaotumia wasaidizi hao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa. Waandaaji programu 16 walifanya kazi 246 katika miradi waliyoizoea kwa miaka. Kwa kila kazi iliamuliwa kwa bahati nasibu kama wataruhusiwa kutumia akili bandia au la. Walitarajia kuokoa asilimia 24 ya muda. Walipomaliza waliamini wameokoa 20. Saa ilionyesha kwamba wamechelewa kwa asilimia 19. Hao ni wakongwe kwenye msimbo wao wenyewe, kwa hiyo nisingemhukumu kwa matokeo hayo kijana anayeanza. Mapendekezo waliyoyakubali hayakufika nusu. Mengine waliyasoma, wakayajaribu, wakayatupa. Hata hivyo, jaribio lilipokwisha, wengi wao waliendelea kutumia wasaidizi walewale.