Mafuta ya Karafuu: Yalikotoka, na Ufizi wa Mtoto Wako

  

Ni usiku wa manane. Mtoto wa miezi saba analia, ufizi umevimba, mate yanamchuruzika, na wewe hujalala tangu jana. Jirani anasikia kilio, anabisha hodi. Mkononi ana kichupa kidogo cha mafuta ya karafuu. "Mpake kidogo kwenye ufizi, atalala. Hii ni dawa ya miti, haina madhara. Hata sisi tulipakwa."

Je, utapaka? Kabla hujajibu, twende safari kidogo. Nitakupeleka visiwani na karne za nyuma, lakini usichoke njiani, kwa maana tutarudi kwenye kichupa hicho hicho.

Watu wengi wa pwani hudhani karafuu ni mali yetu tangu zamani. Sivyo. Mkarafuu ulitoka visiwa vidogo vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Huko ulimea wenyewe, na wafanyabiashara wa Asia wakasambaza tumba zake zilizokaushwa. Habari za kale za Uchina, za enzi ya wafalme wa Han takriban miaka elfu mbili iliyopita, husema kwamba maofisa walitia karafuu mdomoni kabla ya kusema na mfalme, pumzi zao zisimkere. Kwa hiyo tangu hapo karafuu na kinywa ni marafiki.

Wazungu walipoionja, waliitafuta kama dhahabu. Msafara wa Magellan uliondoka Uhispania mwaka 1519 na merikebu 5. Mwaka 1522 ilirudi merikebu moja tu, Victoria, ikiwa na mabaharia 18 waliodhoofika, na shehena yake ilikuwa karafuu. Baadaye Waholanzi waliikamata biashara hiyo kwa nguvu. Katikati ya karne ya 17 walikata mikarafuu katika visiwa vingine ili ibaki Ambon na visiwa vya jirani tu, chini ya macho yao. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifaulu kupata miche kwa siri ikapandwa kisiwani Mauritius, ambacho wakati ule kilikuwa cha Ufaransa. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa, mapema katika karne ya 19, mkarafuu ukafika Unguja. Anayetajwa sana kuwa aliuleta ni Mwarabu wa Oman aliyeitwa Saleh bin Haramil.

Sultani Seyyid Said aliona faida yake upesi. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Hapa mama naomba tusimame kidogo. Waliolima mashamba yale walikuwa watumwa, wengi wao waliotolewa bara, hata kutoka pande za Ziwa Nyasa, na miongoni mwao walikuwemo akina mama na watoto. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897. Tunapoisifu harufu ya karafuu, tusiwasahau waliozichuma kwa lazima.

Mwaka 1872 kimbunga kikali kilivunja mikarafuu mingi sana ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo kitovu cha karafuu. Ukifika huko wakati wa mavuno utaona majamvi yameanikwa tumba nje ya nyumba. Huchumwa kabla hazijachanua, zikianza kuwa nyekundu, na hukauka juani kwa siku chache. Hata vikonyo havitupwi. Huitwa makonyo, na huko Wawi, karibu na Chake Chake, kiko kiwanda cha kutoa mafuta yake. Makonyo na majani yanapitishiwa mvuke wa maji ya moto, mvuke unabeba mafuta, kisha unapoozwa. Maji hukaa mbali na mafuta, na mafuta yanakingwa.

Sasa tuingie ndani ya mafuta hayo, kwa kuwa siri yote iko humo.

Tumba kavu ya karafuu ina mafuta mengi ajabu, kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Wataalamu wa kemia walipoyachambua katika karne ya 19 waligundua kuwa sehemu kubwa yake, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90, ni kitu kimoja. Walikiita eujenoli, kutokana na Eugenia, jina la kisayansi ambalo mkarafuu ulikuwa nalo wakati ule. Hicho ndicho kinachonukia, ndicho kinachochoma ulimi, na ndicho kinachotia ganzi.

Eujenoli ni ya ukoo wa fenoli. Fenoli yenyewe ndiyo asidi ya karboliki, ambayo daktari Joseph Lister alianza kuitumia kwa vidonda vya wagonjwa wake huko Glasgow, akatangaza matokeo yake mwaka 1867. Wagonjwa waliokuwa wakifa kwa vidonda kuoza wakaanza kupona. Miaka 20 baadaye, mwaka 1887, Charles Chamberland, aliyekuwa msaidizi wa Louis Pasteur mjini Paris, aliyajaribu mafuta mengi ya mimea juu ya bakteria wa kimeta, ule ugonjwa unaoua ng'ombe na watu. Baadhi ya mafuta, yakiwemo ya mdalasini na karafuu, yaliwazuia bakteria wale wasizaane. Kwa hiyo nyanya zetu hawakuwa wajinga. Walichokijua kwa pua na ulimi, maabara ilikuja kukithibitisha.

Na yanafanyaje kazi? Kila bakteria ana ngozi nyembamba ya mafuta inayoshikilia vilivyo ndani yake. Eujenoli hupenda mafuta kuliko maji, basi hujipenyeza kwenye ngozi ile na kuitoboa. Yaliyo ndani yanavuja, bakteria anakufa. Mkarafuu haukutengeneza silaha hii kwa ajili yetu. Unajikinga na wadudu na kuvu.

Lakini sikiliza hapa, mama. Chembe za mwili wa mtoto wako nazo zina ngozi nyembamba ya mafuta. Eujenoli haibagui. Ndiyo maana mafuta ya karafuu yakikaa kwenye ufizi huuchoma, ukawa mweupe na kubabuka, na mtoto akalia zaidi ya mwanzo.

Kuna swali ambalo akina mama huniuliza kila mara: "Kama yanaua viini, mbona jino lililooza haliponi?" Ni kwa sababu ndani ya jino bovu bakteria wamejificha chini ya utando mzito, ndani kabisa, mahali ambapo tone la mafuta juu ya jino halifiki. Kinachofika ni ganzi. Maumivu yanatulia, unashukuru Mungu, na kule ndani uozo unaendelea hadi usaha. Wiki mbili baadaye shavu limevimba.

Daktari wa meno anayajua haya. Ukiingia kwake utasikia harufu ya karafuu, na hujakosea. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa meno huchanganya eujenoli na unga mweupe wa oksidi ya zinki, wakapata ujiuji unaogandamana ukawa mgumu. Kwa huo huziba jino kwa muda. Lakini angalia utaratibu wake: kwanza anaondoa uozo, kisha ndipo anaweka eujenoli, kidogo, iliyofungwa ndani ya dawa nyingine, palepale anapotaka. Sisi nyumbani tunafanya kinyume. Tunaacha uozo na kumwaga mafuta.

Turudi kwenye kichupa cha jirani. Wengine wataniambia, "Mbona karafuu tunakula kwenye pilau?" Ni kweli, na endelea kula. Tofauti ni kipimo. Kichupa cha mililita 10 cha mafuta halisi kina mafuta yaliyotoka katika mamia ya karafuu. Hakuna mpishi anayetia karafuu mia tano kwenye sufuria moja, na hata angetia, hakuna ambaye angekula.

Tupige hesabu pamoja. Mwaka 1982 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaoshughulikia usalama wa chakula waliweka kiasi cha eujenoli ambacho mtu anaweza kula kila siku bila wasiwasi: si zaidi ya miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 basi ni miligramu 20. Tone moja la mafuta halisi laweza kuwa na miligramu 40. Sisemi tone moja litamuua. Kiwango kile kiliwekwa kwa tahadhari kubwa. Nasema tone moja tu tayari limempita mtoto wako, na mkono wa mtu mwenye usingizi hauhesabu matone.

Na chupa ikiachwa wazi? Mwaka 1993 jarida la madaktari wa watoto la Uingereza lilieleza habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu, kati ya mililita 5 na 10. Hicho ni kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu, akapata degedege, damu yake ikashindwa kuganda, na ini likaharibika. Aliponea chupuchupu, akiwa katika hospitali yenye kila kifaa. Ini hupatwa na shida hiyo kwa sababu hutumia akiba yake ya kinga kupambana na eujenoli mpaka akiba inakwisha, sawa na inavyotokea kwa mtu aliyemeza paracetamol kupita kiasi.

Kwa hiyo usiku ule wa kilio, mshukuru jirani na ukiweke kichupa kando. Nawa mikono, umsugue ufizi polepole kwa kidole, au umpe atafune kitambaa safi kilicholowekwa katika maji safi ya baridi. Mnyonyeshe. Na kama ana homa kali au anaharisha, usiseme "ni meno tu." Meno hayaleti homa kali wala kuharisha. Mpeleke kliniki, kwani huenda ni malaria, au maji yanamwishia mwilini.

Mtoto mkubwa mwenye jino bovu asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, apewe paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake, na asubuhi apelekwe kwa daktari wa meno. Wewe mtu mzima ukitaka kujiwekea tone moja kwenye pamba ukisubiri kupambazuka, sina ugomvi nawe, ila usiuguse ufizi, na chupa irudi kwenye kabati lenye kufuli.

Mtoto akishayanywa, usimtapishe. Mafuta yanaporudi juu huweza kuingia mapafuni. Usimpe maziwa wala mafuta mengine ya kupikia. Mpanguse mdomo, uchukue kile kichupa, hata kama ni kitupu, na uende hospitali saa ileile, hata akionekana mzima anacheza. Ini haliumi mara moja. Madhara yake yaweza kujitokeza kesho yake. Ukifika mwambie daktari alikunywa nini, kiasi gani na saa ngapi, na umwoneshe kichupa.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya mafuta ya taa na chupa za soda.