Seva ya viraka: programu ya bure iliyoshindana na Microsoft

Juzi mama mmoja aliyekimbia makwao na watoto wake alinisimamisha nje ya redio. «Mwanangu, hizi habari tunazofungua kwa simu zinakaa wapi? Na mwenye kuzilinda ni nani?» Swali la kwanza nilimjibu palepale. La pili lilinifuata mpaka nyumbani.

Ukifungua ukurasa wowote, mega zako zinapeleka ombi kwenye kompyuta ya mbali. Ndani yake kuna programu inayopokea ombi hilo, inatafuta ukurasa na kukurudishia. Hiyo ndiyo seva, na ugomvi juu ya nani awe mwenye nayo umechukua miaka mingi.

Ya kwanza kabisa aliitengeneza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu zake za wavuti ni mali ya kila mtu. Mwaka huohuo mwanafunzi Rob McCool aliandika nyingine huko NCSA, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Ilienea haraka. Katikati ya 1994 McCool akaondoka, na kazi ikalala.

Hapo nakumbuka redio niliyoanzia kazi. Tovuti yetu ilitengenezwa na fundi mmoja, kwa programu aliyoijua peke yake. Alipohama mji, aliondoka na funguo zote. Matangazo ya miaka mitatu, pamoja na majina ya watoto waliopotezana na wazazi njiani, hatukuyaona tena.

Kwa McCool haikuwa hivyo, maana programu yake ilikuwa wazi: yeyote aliweza kuisoma na kuirekebisha. Wenye tovuti walikuwa wakiishona kila mtu kivyake na kutumiana viraka kwa barua pepe. Mwanzoni mwa 1995 watu wanane, mmoja wao Brian Behlendorf, walikusanya viraka hivyo, na mwezi wa Aprili wakatoa toleo la kwanza. Waliiita Apache, kwa heshima ya wenyeji wa Amerika wenye jina hilo. Kulikuwa na utani pia, kwani kwa Kiingereza jina hilo linasikika kama «yenye viraka». Mwaka mmoja tu baadaye ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na tovuti nyingi kuliko seva nyingine yoyote.

Wenye kuuza hawakulala. Netscape iliuza seva zake kwa maelfu ya dola. Microsoft ilikuja mwanzoni mwa 1996 na IIS, ikaitoa bure, lakini ilifanya kazi ndani ya Windows NT tu, na hiyo ilinunuliwa. Ni kama kupewa mlango bure na mtu anayekuuzia nyumba. Mwaka 1998 hata IBM, kampuni kubwa ya biashara, iliamua kutumia Apache badala ya kushindana nayo.

Pigo lilikuja Julai 2001. Mnyoo wa kompyuta ulioitwa Code Red uliingia kwenye tundu la IIS, na tarehe 19 mwezi huo ulishika kompyuta zaidi ya 359,000 kwa muda usiofika saa 14. Haki isemwe: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi mmoja kabla, wengi hawakukiweka. Na wenzao wa programu huria wasicheke sana, maana Septemba 2002 mnyoo wa Slapper ulipiga seva za Apache zenyewe, kwa kupitia tundu la OpenSSL. Kuwa wazi peke yake hakuzibi tundu. Lazima awepo mtu wa kuziba.

Aliyeipunguzia Apache nguvu hakuwa Microsoft. Ni Mrusi, Igor Sysoev, ambaye mwaka 2004 alitoa nginx, nayo huria, nyepesi, yenye kuhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila kuchoka. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani F5 ilinunua kampuni ya nginx kwa dola milioni 670. Desemba ya mwaka huo polisi waliingia ofisi yake ya Moscow, kwa sababu ya madai kwamba programu ile iliandikwa Sysoev akiwa mfanyakazi wa kampuni ya Rambler. Februari 2024 mwandishi wake mmoja mkuu, Maxim Dounin, hakuelewana na F5. Alichukua nakala, akaanzisha freenginx, bila kuhitaji ruhusa ya mtu.

Mama yule nimeshamrudia na jibu. Kwa nyinyi ambao ndugu zenu walitangazwa kwenye redio ile na hawajaonekana mpaka leo, leteni majina upya. Siku hizi tunayaandika pia kwenye daftari.