Nakala ya Nakala: Mashine ya CD na Taarabu Zetu

Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, basi leo nawaletea historia kidogo.

Mwenzangu wa wodini alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao aliniuzia mashine yake ya kurekodi CD. Si ya kompyuta, ni ile ya kuwekwa sebuleni kando ya redio. Philips walitoa CDR870 mwaka 1997, ikawa miongoni mwa za kwanza ambazo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Waunganisha deki ya kaseti kwa nyaya, wabonyeza, na dakika 74 za muziki zaingia kwenye CD.

Lakini mashine hizi zilizaliwa na pingu. Makampuni ya muziki yaliogopa nakala za kidijitali, kwa sababu hazichakai. Sheria ya Marekani ya 1992 ikaamuru mashine za namna hii ziwe na kizuizi kiitwacho SCMS: CD ya dukani waweza kuinakili, ila ukitaka kuinakili ile nakala tena kidijitali, mashine yakataa. Pia zilitaka CD tupu maalumu za muziki. Huko Marekani watengenezaji na waagizaji walilipa asilimia 3 kwa CD hizo na asilimia 2 kwa mashine, pesa za wasanii na wenye haki.

Sasa tazama kwetu Pwani. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV. Baadaye Assanand & Sons wa Mombasa wakatoa santuri zao za Mzuri. Kisha ikaja kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, na mambo yakageuka. Maduka kama Mbwana Radio Service pale Mombasa yakawa yanarekodi taarabu na kuuza kanda. Arusi nazo zikarekodiwa, na kanda zikapita mkono kwa mkono mpaka huku Ghuba, zimefichwa katikati ya leso sandukuni. Kila nakala ilizidi kuvuma na kufifia, lakini ilifika.

Hapo pana uchungu wa pande mbili. Mwimbaji aliyeimba mpaka alfajiri hakupata hata ndururu kwa nakala za majumbani. Lakini bila nakala hizo, nyimbo nyingi za arusi zingepotea, maana kanda ya asili hakuna aliyeihifadhi. Mimi nina kanda ya arusi ya mamangu, nakala ya nakala. Ndani yake bibi yangu anapiga vigelegele, na hatuna sauti yake nyingine duniani. Mashine iliikubali, kwa kuwa kanda hupitia nyaya za kawaida, si njia ya kidijitali.

Kwa maoni yangu, ile asilimia ilikuwa haki. Pingu ndiyo haikufikiria watu kama sisi.

Wala msidhani CD ni ya milele. Rangi inayobeba sauti kwenye CD ya kuchoma huharibika kwa joto na mwanga, na joto la Doha mwalijua. Kama mna CD za hivyo kabatini, zihamisheni sasa, mziweke mahali pawili au patatu. Na kama mwimbaji yu hai, mtumieni chochote kwa simu. Hakuna sheria itakayowalazimisha, lakini yeye aliimba.

Haya, acha nikalale. Wasalaam.