Jamaa Moja Kifungoni Tabora (1914–1916)

Sisi tunaokaa pembeni ya ziwa Tanganika hupenda kusimulia vita vya 1914 kwa habari za mashua. Tumejifunza namna Waingereza walivyovuta Mimi na Toutou kutoka Fungurume, kupita milimani, hata zikafika Lukuga, ndiyo Kalemie yetu. Tunajua kwamba Kingani ilikamatwa tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Hayo ni kweli. Lakini ng'ambo ya ziwa walikuwako watu wasio askari, waliofungwa kwa ajili ya vita hivyo hivyo. Tutazame jamaa moja kati yao, kisha tujiulize ni nani aliyelipa bei ya kufunguliwa kwao.

Hugh Peter Kayamba alikuwa Mbondei, mwalimu wa misioni ya ndugu zetu Waanglikani. Katika ujana wake alisomeshwa Uingereza. Mwanawe Martin alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani, akafanya kazi Mombasa na Nairobi. Vita vilipoanza, baba na mwana walikuwa upande wa Wadachi, wakakamatwa. Martin mwenyewe ameyasimulia katika kitabu Ten Africans, kilichotolewa na Margery Perham mwaka 1936.

Kosa lao lilikuwa nini? Walijua Kiingereza, na Askofu wao alikaa Unguja, chini ya bendera ya Waingereza. Katika siku za amani mambo hayo yalikuwa heshima ya mwalimu. Siku za vita yakageuka kuwa ushahidi wa upelelezi. Katekista mwenye barua mkononi huonekana mpelelezi machoni pa mtu mwenye hofu.

Wamisionari wa Ulaya waliwekwa kambini, wengine kwanza Kiboriani karibu na Mpwapwa, baadaye Tabora. Walimu weusi hawakupewa kambi: walipewa gereza. Walitiwa minyororo shingoni, wakafanya kazi za nguvu, wakapigwa viboko. Serikali ya Uingereza ilichapa ushuhuda wao mwaka 1917. Haki yatulazimisha kusema kwamba ripoti hiyo ilitolewa na adui wa Wadachi, vita vikiwa vingali vinaendelea, nayo ilifaa shauri la Waingereza. Walakini mashahidi ni wengi, na maneno yao yanapatana. Wala tusidhani mnyororo ulikuwa wa Wadachi peke yao. Wazee wetu waliujua pia upande huu wa ziwa.

Wokovu wao ulitokea wapi? Ulitokea kwetu. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ilifika ziwani. Mwaka uliofuata ndege za Wabeleji ziliondoka majini karibu na Mtoa, zikatupa mabomu Kigoma. Wadachi wakaizamisha wenyewe Graf von Götzen, meli yao kubwa, ile ambayo baadaye iliopolewa na kuitwa Liemba. Tarehe 28 Julai 1916 Kigoma ilitwaliwa. Askari wa Olsen wakafuata reli, wengine wa Molitor wakashuka toka kaskazini, na tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Jenerali Tombeur likaingia Tabora. Wafungwa wakafunguliwa, na jamaa ya Kayamba pamoja nao.

Lakini jeshi halitembei pasipo chakula na risasi, na vitu hivyo vilipita juu ya vichwa vya watu. Katika vita vile Leta ya Kongo ilichukua wapagazi zaidi ya laki mbili, watu wa Maniema, wa Kivu, wa Katanga na wa penginepo. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Maelfu walikufa kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kwa njaa na uchovu. Basi, ili baba mmoja arudi nyumbani pamoja na mwanawe, baba wengine hawakurudi, na wana wao waliwangojea bure.

Martin Kayamba alisaidia kuanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, na mwaka 1931 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, London. Aliyefungwa kama mpelelezi alisikilizwa na wakubwa wa dola. Wapagazi wetu hawakuacha kitabu.

Hapo ndipo neno hili linatugusa sisi mapadri, waseminari na wakatekista. Tangu 2016 Kalemie imeona jamaa nyingi zikikimbia ugomvi wa Watwa na Waluba, zikilala katika kambi pembeni ya mji. Kati yao wamo wasiojua kuandika. Tukiwapelekea Sakramenti na chakula tu, tumefanya vema, lakini si yote. Tuchukue daftari pia. Tuandike jina la mtu, la baba yake, la kijiji chake, na la mtu wake aliyekufa njiani. Tena mwezi wa Novemba, tunapoombea marehemu, tuwataje na wapagazi wa 1916. Mungu anayajua majina yao. Sisi tuliyapoteza kwa sababu hakuna aliyeuliza.