Kuunganisha sinki la kufulia kwenye bomba la mashine: mambo 6 ya kujua kabla ya kukata bomba

Baadhi ya nyumba za Namswea na kata nyingine za Mbinga zina sehemu ya kufulia yenye bomba moja tu la kutoa maji machafu. Mashine ikishawekwa hapo, mwenye nyumba huona kuna kitu kimepungua: sinki la kulowekea nguo za shamba, kusuuza ndoo na kuoshea madekio.

Kazi yenyewe ni ndogo, fundi anaweza kuimaliza kwa siku moja. Ila ikikosewa, nyumba hunuka kama choo, au povu la mashine hupanda ndani ya sinki.

1. Kuangalia maji yanaishia wapi

Kabla ya kununua chochote, bomba lifuatiliwe mpaka nje. Je, linaingia kwenye chemba, linaenda shimo la kunyonya, au linamwaga tu uani? Shimo linalojaa kila msimu wa mvua halitaweza kubeba na maji ya sinki. Hapo ianze kazi ya shimo, sinki lifuate.

Maji ya sabuni yasielekezwe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa. Hili linawahusu wa milimani Umatengo na pia wa Mbamba Bay na Liuli, kando ya Ziwa Nyasa.

2. Trapu moja kwa kila njia

Trapu ni ile kona ya bomba iliyopinda chini ya sinki. Hubaki na maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu ya shimo isiingie ndani. Kina chake kisipungue sentimita 5.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuna njia mbili zinazokubalika:

- Sinki liwe na trapu yake, kisha liungwe baada ya trapu ya mashine.
- Sinki likiwa karibu kabisa na bomba la mashine, liungwe kabla ya trapu iliyopo, bila kuwekewa trapu nyingine.

Maji yakipita trapu mbili mfululizo, hewa hunaswa katikati. Maji yanatoka kwa kusuasua na sinki linagugumia.

3. Ukubwa wa bomba na mteremko

Bomba la pamoja liwe la inchi 2. La sinki peke yake linaweza kuwa inchi 1½. Mashine yenye pampu husukuma maji mengi kwa mara moja, na bomba jembamba likizidiwa, maji hurudi kwenye sinki.

Mteremko unaofaa ni sentimita 2 kwa kila mita 1. Fundi atumie pima maji, asikadirie kwa macho. Pa kuungia pawekwe kiungio cha Y kinachoelekea maji yanakokwenda. Kona kali za nyuzi 90 zipunguzwe, kwa kuwa ndipo matope na nyuzi za nguo hujikusanya.

4. Bomba la hewa

Mashine ikimwaga maji kwa kasi, inaweza kunyonya maji yaliyo kwenye trapu ya sinki. Trapu ikikauka, harufu inaingia. Dawa yake ni bomba la hewa linalounganishwa karibu na trapu na kupandishwa hadi juu ya paa.

Kwa mashine za matenki mawili zisizo na pampu, maji hushuka yenyewe. Mpira wake lazima uwe chini, hivyo kiungio cha sinki kisiwekwe mahali pa kuuzuia.

5. Kuunga

Bomba likatwe sawasawa kwa msumeno wa chuma, kingo zisuguliwe kwa msasa na vumbi lifutwe. Vipande vipangwe kwanza bila gundi ili kuhakikisha vinakaana. Ndipo ipakwe gundi ya PVC pande zote mbili, bomba lisukumwe hadi mwisho na kushikiliwa kidogo. Ni salama kuliacha hadi kesho yake.

Upande wa maji safi, nyuzi za koki zifungwe tepu nyeupe. Mdomo wa koki uwe juu ya ukingo wa sinki, na mpira usiachwe umezama kwenye maji machafu. Maji ya bomba yakikatika, mpira huo unaweza kuyavuta maji machafu yarudi kwenye bomba la maji safi.

6. Kujaribu

Sinki lijazwe, kisha lizibuliwe wakati mashine nayo inamwaga. Kila kiungio kipanguswe kwa karatasi kavu, ikilowa, kinavuja. Povu likipanda kwenye sinki, bomba limezidiwa au limeziba mbele.

Mwisho, tundu la sinki liwekewe chujio. Nguo za msimu wa kuvuna kahawa huja na udongo mwingi. Ni bora zikung'utwe nje na kusuuzwa kwanza kwenye ndoo, maana udongo ukishafika kwenye trapu hutulia humo, na siku ya kuzibua lazima ifunguliwe.